Sabtaito za vipindi vyetu, hela itoke wapi? Jibu kwa dada prodyusa wa Tabata

Marahaba dada yangu, na asante kwa kuuliza kitu ambacho watu wengi wa TV wanakikwepa. Kwa faida ya wengine naliweka swali lako kwa kifupi. Unatengeneza kipindi cha afya ya mama na mtoto, nusu saa kila wiki, kinarushwa kwenye stesheni moja hapahapa Dar. Mdogo wako ni kiziwi, anakaa sebuleni anaangalia kazi ya dada yake na anachoambulia ni picha tu. Umeomba stesheni waweke maandishi chini ya skrini ukaambiwa bajeti hiyo hamna, ukitaka gharamia mwenyewe. Sasa unauliza je ni kweli kuna nchi hela ya umma inalipia sabtaito, kwa hapa kwetu ugonge mlango gani, je si bora hiyo hela umlipe mkalimani wa lugha ya alama yaishe, na mwisho ukauliza faili la maandishi likishakamilika linakuwa mali ya nani.

Ni kweli, hela ya umma inalipia sabtaito sehemu nyingi na kwa miaka mingi. Ila angalia vizuri pale ilipozaa matunda, utakuta hela haikumwagwa tu kwa stesheni kama ruzuku ya jumla halafu wakaombwa wawakumbuke viziwi, hapana, ililipia kazi yenyewe, epsode hii, dakika hizi, faili hili, limekaguliwa, limerushwa. Hilo ndo ningeomba ulishike kuliko yote nitakayoandika hapa, kwasababu ukienda kuomba hela "ya kusaidia walemavu" utapewa pole na kupigwa picha, ukienda na kazi inayohesabika mtu wa bajeti ana kitu cha kuandika kwenye karatasi yake.

Tuanze na Marekani maana ndo mfano unaotajwa sana na watu wanausimulia nusu nusu. Kule haikuanza kwenye biashara. Mwaka 1958 bunge lao lilipitisha sheria ya kulipia filamu zenye maandishi kwa ajili ya viziwi, yani serikali inanunua haki ya filamu, inaweka maandishi, inazisambaza. Kwenye TV, 1972 stesheni ya umma ya Boston, WGBH, ilirusha kipindi cha mapishi chenye maandishi yanayoonekana kwa kila mtu. Halafu 1979 ikaundwa taasisi ya National Captioning Institute kwa msaada wa hela ya serikali kuu, na tarehe 16 Machi 1980 maandishi ya kuwasha na kuzima yakaanza kurushwa rasmi. Shida ikawa mtazamaji anatakiwa anunue kidude cha kuchomeka kwenye TV chenye bei ya zaidi ya dola 200, kwahiyo kiziwi ndo akawa anabeba mzigo. Ilibidi ije sheria ya 1990 kulazimisha watengenezaji kwamba kuanzia Julai 1993 kila TV ya inchi 13 kwenda juu iuzwe ikiwa na uwezo huo ndani, halafu sheria ya 1996 ikawageukia wenye stesheni wenyewe. Ukifuatilia huo mpangilio utaona hela ya umma ilitangulia ikajenga watu na mitambo, sheria ikafuata nyuma wakati tayari kuna wa kuifanya kazi. Na hata baada ya sheria stesheni ndogo hazikubebeshwa mzigo sawa na kubwa, yenye mapato chini ya dola milioni 3 kwa mwaka inasamehewa, na hakuna anayelazimishwa kutumia zaidi ya asilimia 2 ya mapato yake ghafi kwenye maandishi.

Uingereza ni hivohivo kwa namna yao. BBC inaendeshwa na ada ambayo kila kaya yenye TV inalipa, na tangu 2008 chaneli zao kubwa zina maandishi kwenye kila kipindi. Stesheni za biashara zinajilipia zenyewe ila msimamizi wao, Ofcom, anaangalia kwanza kama chaneli ina watazamaji wa kutosha na kama gharama haitapita asilimia 1 ya mauzo yake. Sisi Bara hatuna ada ya TV kwahiyo huo mfano siwezi kukuambia uubebe mzima, ila hicho kipimo cha asilimia mi nakipenda sana, kwasababu kinaondoa ule utetezi wa "tutafilisika".

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni New Zealand. Nchi ndogo, watu kama milioni 5, yani pungufu ya wakazi wa jiji letu. Kule maandishi yalianza miaka ya 80 na hawakusubiri sheria ya kulazimisha stesheni, walichofanya ni kutumia mfuko wao wa umma wa utangazaji, NZ On Air, kulipia kazi hiyo moja kwa moja. Mwanzoni kitengo cha maandishi kilikuwa ndani ya TVNZ, stesheni ya umma, halafu 2013 ikaundwa taasisi inayojitegemea isiyo ya faida inaitwa Able, mfuko unailipa Able, Able inatengeneza maandishi. Kwanini nakaa sana hapa? Kwasababu hela ikiingia kwenye stesheni moja ujuzi unabaki kwenye stesheni moja, mpinzani wake hapati kitu na mtazamaji akibadilisha chaneli maandishi yanaishia hapo. Ukiwa na kitengo cha pamoja, vijana kumi wanaojua kazi, mtambo mmoja, mwongozo mmoja wa namna ya kuandika, basi TBC, ITV, Azam, Clouds na stesheni yako ndogo wote wanapeleka kazi palepale. Kwa nchi yenye stesheni nyingi zenye mifuko myembamba kama yetu mi sioni njia nyingine ya maana kama hiyo.

Majirani zetu Kenya walianzia upande wa pili. Sheria yao ya watu wenye ulemavu ya 2003, kifungu cha 39, iliandika wazi kabisa kwamba stesheni zote za TV ziweke mkalimani wa alama au maandishi kwenye taarifa za habari, vipindi vya elimu na matukio yenye uzito wa kitaifa. Sheria nzuri tena iliandikwa kwa maneno machache. Lakini ilisema "au" na haikuja na fungu, kwahiyo unachokiona mara nyingi ni mkalimani pembeni kwenye taarifa ya habari, na vipindi vingine vinaendelea kama kawaida. Siwalaumu wenye stesheni, mtu ukimpa amri bila hela atatafuta njia ya bei rahisi inayotimiza amri.

Na kuna India, hii nakuomba uichukue kwasababu itakusaidia ukienda kuongea na watu ambao habari ya viziwi peke yake haiwagusi. Kuna mtu anaitwa Brij Kothari, aliyekuwa mwalimu wa chuo pale Ahmedabad, mwaka 1996 alipata wazo la kuweka maandishi ya lugha ileile inayoimbwa kwenye nyimbo za filamu zinazorushwa kwenye TV, Kigujarati kwa Kigujarati, Kihindi kwa Kihindi, neno linabadilika rangi wakati linaimbwa. Hakuwa analenga viziwi kwanza, alilenga mamilioni waliopita shule lakini kusoma kwao ni kwa kubabaisha, mtu anapenda wimbo, anaujua kichwani, macho yanafuata maandishi bila kulazimishwa. Wakajaribu kwenye TV ya Gujarat 1999, baadae ikaingia Doordarshan, TV ya taifa. Kumbe kitu kilekile kinachomsaidia kiziwi kinamnoa mtoto wa darasa la tatu na bibi aliyeacha kusoma zamani. Sasa fikiria kipindi chako cha afya, mama wa Mbagala anasikia "dalili za hatari kwa mjamzito" na anayaona maneno yenyewe yameandikwa, siku akikutana nayo kwenye kadi ya kliniki hayatakuwa mageni kwake.

Haya tuje nyumbani.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 21 inahusu kupata habari na inataja vyombo vya habari, ibara ya 30 inahusu utamaduni na inavitaja vipindi vya televisheni kwa jina kabisa. Mwaka uliofuata, 2010, ikapitishwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9. Kwahiyo ukiandika barua usiandike kama mtu anayeomba fadhila, taja mkataba, taja ibara, taja sheria, halafu ndo useme unataka nini. Afisa anayepokea barua anahitaji kitu cha kumwonyesha bosi wake.

Ila usitegemee utakuta dirisha limeandikwa "sabtaito" ukajaze fomu. Ulichonacho ni milango kadhaa iliyojengwa kwa kazi nyingine.

Wa kwanza ambao naona haujagongwa vya kutosha ni Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ule ulioanzishwa kwa sheria ya 2006. Watu wanaujua kwa minara ya simu vijijini, lakini umefika pia kwenye vifaa vya TEHAMA mashuleni na kwenye usikivu wa redio. Kazi ya mfuko ule ni kuwafikishia mawasiliano wale ambao biashara peke yake haiwafikii. Sasa niambie, mtu anayekaa Kariakoo ana TV, ana king'amuzi, umeme upo, mnara unaonekana dirishani, na bado taarifa haimfikii, si ndo yuleyule? Kwa mawazo yangu hili ndo fungu ambalo lingebeba kile kitengo cha pamoja cha mtindo wa New Zealand. Ila hiyo siyo ya wewe kwenda peke yako na kipindi kimoja, hiyo ni ya CHAVITA, yani Chama cha Viziwi, pamoja na SHIVYAWATA, yani shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, na wenye stesheni kwenda kwa sauti moja, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wakiwepo mezani kwasababu wao ndo wanaotoa leseni.

Wa pili ni Mfuko wa Utamaduni na Sanaa. Hapa nakuonya mapema, huu unatoa mikopo, na mkopo unarudishwa. Ukikopa kwa ajili ya tamthilia ambayo utaiuza nje ikiwa na maandishi ya Kiingereza au Kifaransa hiyo ni biashara, hesabu inaweza kukubali. Ukikopa kwa ajili ya kipindi cha afya kisichouzwa popote utajiingiza kwenye deni kwa kitu ambacho kilitakiwa kuwa huduma. Kuna pia tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kurekodi na kuhifadhia kazi za sanaa iliyoingia na Sheria ya Fedha ya 2023, na mi naamini wasanii na maprodyusa wakikaa vizuri wanaweza kudai sehemu ya hela za namna hiyo ziende kwenye ufikivu wa kazi zenyewe, lakini hiyo ni safari ndefu, usipangie bajeti ya mwaka huu.

Wa tatu ni halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Wewe kama prodyusa haikuhusu moja kwa moja, lakini fikiria kikundi cha vijana wakiwemo viziwi pale Ilala wanakopa kompyuta tatu na hedifoni wanaanzisha ofisi ya kuandika maandishi ya vipindi, wanaosikia wanaandika, wasiosikia wanakagua kama yanasomeka na yanakaa muda wa kutosha, maana hakuna mkaguzi mzuri wa sabtaito kama mtu anayeitegemea kweli. Wateja wa kwanza ni nyie. Hapo mkopo una maana kwasababu kuna kipato kinachorudi.

Na wa nne, ambao kwa kipindi chako ndo wa haraka kuliko yote, ni mfadhili uliye naye tayari. Vipindi vya afya hapa mjini vingi vinalipiwa na mradi, wizara au shirika, na miradi hiyo karibu yote ina sentensi fulani kwenye makaratasi yake kuhusu ujumuishi wa watu wenye ulemavu. Sentensi ipo, hela yake huwa haijapewa kazi. Kwahiyo msimu ujao kabla hamjasaini weka mstari mmoja kwenye bajeti, "maandishi ya Kiswahili, epsode 13", bei pembeni, kama unavyoweka mstari wa kamera na wa usafiri. Mstari ukiwepo kabla ya kushuti hakuna anayeushangaa, ukija kuuomba baada ya epsode ya nne kurushwa unaonekana unaongeza mambo.

Kuhusu bei, nakupa namna ya kuhesabu na namba ni za mfano tu, weka za kwako. Nusu saa ya kipindi kilichorekodiwa, kwa mtu aliyezoea, kuandika na kuweka muda inakula karibu siku nzima ya kazi, ikiwa script ipo na watu hawaongei kwa pamoja. Tuseme mwandishi unampa elfu 50 na mkaguzi elfu 20, hiyo ni elfu 70 kwa epsode, mara 13 ni laki tisa na elfu 10 kwa msimu mzima. Linganisha na mnachotumia kwenye mafuta ya gari na chakula cha kru, utaona wanaosema bajeti haitoshi hawajawahi kukaa wakaihesabu. Usikubali mtu akuuzie programu ya kompyuta inayoandika yenyewe ukaacha kumlipa binadamu. Programu za kutambua sauti kwa Kiswahili zimepiga hatua, zinakupa rasimu na kukupunguzia kuchapa, lakini zikikutana na bibi wa Kigogo anaongea haraka au daktari anachanganya Kiswahili na Kiingereza cha hospitali zinaandika vitu vya ajabu, na kwenye kipindi cha afya kosa la dozi moja linatosha kuumiza mtu. Rasimu ya mashine sawa, ila lazima binadamu apitie kila mstari.

Sasa ya kiufundi kidogo, kwasababu nimeona sabtaito nyingi za hapa nyumbani zimelipiwa na hazisomeki. Kosa kubwa ni kutumia kipimo cha Kiingereza cha maneno kwa dakika. Maneno yetu ni marefu, neno kama tutakapowatembelea lina herufi 18 peke yake, kwahiyo hesabu herufi na siyo maneno. Mi naenda na herufi 12 mpaka 15 kwa sekunde pamoja na nafasi, mistari miwili tu, na mstari usipite herufi 37 hivi. Mtu akiongea kwa spidi ya mnadani fupisha, toa "kwa maana hiyo basi kama nilivyotangulia kusema", bakisha kitu chenyewe, lakini usiguse namba, jina la dawa wala onyo. Usitenganishe kitenzi na mtendwa wake kwenye mistari miwili kama unaweza kuepuka. Andika pia sauti zenye maana, mtoto analia, mlango unagongwa, muziki wa huzuni, kwasababu mdogo wako hajui kwanini watu wote kwenye picha wamegeuka ghafla.

Halafu kuna ule mkanda wa matangazo unaotembea chini ya skrini. Hii ni shida kubwa kwetu. Stesheni nyingi hapa zina mkanda wa chini, pembeni logo, wakati mwingine namba ya kutuma meseji juu yake, na ukiweka maandishi yako palepale yanafunikwa yote. Muulize fundi wa stesheni mkanda unaanzia wapi, upandishe maandishi juu yake, weka kivuli cheusi nyuma ya herufi nyeupe. Ijaribu kwenye TV ndogo ya inchi 24 ya sebuleni, siyo kwenye kompyuta ya editi.

Je maandishi yawe ya kuwasha na kuzima au yachomwe kwenye picha, yani yabaki humo bila kuzimika? Ya kuwasha na kuzima ndo bora, na mitambo ya dijitali tunayotumia inayaweza, tangu Dar izimiwe analojia tarehe 31 Desemba 2012 hicho siyo kikwazo tena. Kikwazo ni mnyororo, stesheni iyatume, mwenye mtambo wa kurushia ayapitishe bila kuyadondosha, king'amuzi cha mtazamaji kiyaonyeshe, na stesheni yako iko kwenye ving'amuzi vya kampuni tofauti tofauti. Mmoja akikosea mtazamaji haoni kitu na hakuna atakayejua. Kwahiyo kwa sasa choma kwenye picha, ila, na hapa nasisitiza, lazima utunze faili la maandishi pembeni na nakala safi ya kipindi bila maandishi. Faili hilohilo utalipandisha YouTube, kesho utalitumia kutafsiri Kiingereza, keshokutwa mnyororo ukikaa sawa mtalirusha kama ya kuwasha na kuzima bila kulipa upya.

Kwenye mkalimani wa alama dada yangu, naomba usichague kwa kuangalia bei. Kuna viziwi ambao lugha yao ya kwanza ni alama, wengine shule waliyoipata haikuwapa kusoma Kiswahili kwa kasi ya TV, hao ukiwawekea maandishi tu umewaacha nje. Na kuna wanaopoteza usikivu ukubwani, mzee aliyefanya kazi kiwandani miaka mingi, mama aliyeugua, hao alama hawaijui na hawataijua leo wala kesho, maandishi ndo uzima wao. Siku hizi wakalimani unawaona kwenye taarifa za habari na hotuba za kitaifa, ni hatua kubwa, lakini tamthilia, vipindi vya afya, mijadala, vimebaki bila chochote. Kwa kipindi chako cha kurekodi ningeanza na maandishi kwa epsode zote kwasababu ya gharama na faili linadumu, halafu epsode zile nzito, za dalili za hatari na chanjo, muweke na mkalimani. Kabla ya kuamua muulize mdogo wako na wenzake, kaa nao muangalie epsode moja yenye vyote viwili. Watu wanatengeneza huduma za viziwi bila kiziwi hata mmoja chumbani, hilo linaniumiza sana.

Na usiwahesabu viziwi peke yao ukienda kuomba. Pita stendi ya Magufuli pale Mbezi, pita chumba cha kusubiria cha hospitali yoyote, TV ipo juu ukutani, sauti imezimwa au kelele imeimeza. Wote hao wanaangalia kipindi chako kimya.

Kuna jambo la lugha pia. Ukisema sabtaito watu wengi wa tasnia wanafikiria Kiingereza, ili kazi iuzike nje. Sina ubaya na hilo, lakini hela ya umma ianze na Kiswahili kwa Kiswahili, maana soko la nje linaweza kujilipia. Na wenzetu wanajua thamani ya lugha yetu kwenye skrini, mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa na sauti za Kiswahili, zilizoandaliwa na redio ya kimataifa ya serikali ya China, CRI, na Rais Xi Jinping alipokuja hapa Dar Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba yake. Serikali ya mbali iliona inafaa kulipa ili Mtanzania aelewe tamthilia yao. Sisi kulipa ili Mtanzania aelewe kipindi cha Mtanzania mwenzake kuhusu ujauzito siyo jambo la kubembelezana.

Kwahiyo wiki hii fanya hivi, chukua epsode moja iliyokwisharushwa, ile yenye script safi, tengeneza maandishi yake kwa ubora wote, nenda nayo CHAVITA waangalie na wakuandikie maoni kwa barua yenye muhuri. Barua hiyo, video, na mstari wako wa bajeti, peleka kwa mfadhili wako wa sasa kwanza, nakala kwa stesheni. Stesheni usiwaombe hela, waombe viwili tu, wasifunike maandishi na mkanda, na wakikirudia kipindi usiku warudie nakala yenye maandishi na siyo ile ya zamani.

Na lile la mwisho, faili ni la nani. Kama aliyelipa ni mradi au mfuko wa umma, andikeni kwenye mkataba kwamba faili la maandishi na nakala safi vinabaki kwa mtengenezaji wa kipindi, aliyelipa anapata nakala, na mtu yeyote anayerusha kipindi hicho kihalali, iwe stesheni nyingine, iwe shule ya viziwi Buguruni, iwe kliniki, anapewa faili bure. Mwandishi wa maandishi jina lake liwekwe mwishoni pamoja na kru wengine. Hicho kipengele kiingie kabla hujasaini, na kama mwanasheria wao atakisumbua nitumie rasimu niipitie.